SQLite, MySQL au PostgreSQL kwa duka la spea?
Ndugu yangu, umeuliza ipi kati ya programu hizi tatu za kuhifadhi data ikufae. Kama duka lako la Mwembe Tayari lina kompyuta moja, SQLite yatosha: data yote ni faili moja, ukifunga duka wainakili kwenye flashi basi. Lakini umesema kaunta tatu, na SQLite huruhusu mmoja tu kuandika kwa wakati, wengine wangoje.

MySQL ni rahisi kuanza nayo, sikatai. Mimi ningechukua PostgreSQL. Ukibadilisha muundo wa jedwali baada ya BEGIN (amri ya kuanza kazi), mambo yakaharibika katikati, waandika ROLLBACK (amri ya kughairi) na jedwali larudi lilivyokuwa. Kwa MySQL, ALTER TABLE, amri ya kubadilisha jedwali, ikishapita imepita. Kitakachokusumbua ni ile pg_hba.conf, faili la PostgreSQL la ruhusa za nani aingie, hiyo inywee kahawa chungu kwanza.