Mwili Umelala, Akili Iko Kazini

SWALI: Mhariri, mimi ni fundi cherehani hapa Tanga. Wiki tatu zilizopita nilipasuliwa ngiri, nikaagizwa kupumzika. Nashinda kitandani, lakini kichwani nahesabu vitambaa vya wateja na kodi ya fremu hadi usiku wa manane. Shemeji yangu asema mawazo ndiyo yanayochelewesha mshono kupona. Je, ni kweli, au ni maneno tu?

JIBU: Shemeji yako ana hoja. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, waliwatia jeraha dogo la milimita 3.5 mkononi wanawake waliokuwa wakiuguza jamaa zao waliopoteza kumbukumbu, pamoja na wenzao wa rika moja wasio na mzigo huo; majeraha ya wauguzaji yalichelewa kupona kwa takriban siku 9. Wasiwasi unapodumu, tezi zilizo juu ya figo huendelea kumwaga kortisoli, homoni ambayo ikizidi hudhoofisha chembe za kinga zinazopaswa kuwahi kwenye jeraha na kulisafisha. Isitoshe, mwenye wasiwasi hukosa usingizi mzito, na huo ndio wakati mwili unapotoa kwa wingi homoni ya ukuaji, inayosaidia kujenga nyama upya.

Sitakuambia usiwaze, maana sijamwona aliyeacha kuwaza kwa kuamriwa. Jioni andika kwenye daftari kazi zilizobaki, nani atazishona, na mteja yupi apigiwe simu kesho. Katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2018, walioandika shughuli zinazowangoja walipata usingizi mapema kuliko walioandika zile walizokwisha kuzimaliza. Kisha pumua polepole, kama pumzi 6 kwa dakika, ukirefusha kutoa pumzi kuliko kuivuta, ili mapigo ya moyo yatulie. (Watafiti wa Italia walikuta mwaka 2001 kwamba wanaosali rozari kwa Kilatini hupumua karibu kwa mwendo huo, nadhani na waleta uradi hawako mbali nao.)

Tena usishinde kitandani: aliyepasuliwa ngiri kwa kawaida hushauriwa kutembea taratibu, ila asinyanyue vitu vizito mpaka daktari amruhusu. Mshono ukitoa usaha, ukivimba na kuwa mwekundu, au ukipata homa, usiyasingizie mawazo. Rudi hospitali siku hiyohiyo.