Volti ya perovskaiti iko kwenye upishi, usikimbilie kuagiza kemikali

Ndugu yangu ulouliza mbona seli zako za jua za perovskaiti (ile kristali inayogeuza mwanga kuwa umeme) zatoa volti 0.8 ilhali kila unaposoma wasema 1.1 kwenda juu, na kama uagize kemikali za bei zaidi, nakuomba usiagize kwanza. Mimi nimekaa maabara ya chuo hapa Mombasa miaka mitatu nikipika hivi vioo, yaani kutengeneza seli juu ya kioo, na mwaka wa kwanza wote nlikua na shida hiohio yako, na kemikali zangu zilikua safi kabisa.

Ujue kwanza volti yapotelea wapi. Perovskaiti ya kawaida, ile ya methiliamoniamu na iodaidi ya risasi (risasi ile metali yenye sumu), kwa hesabu ya fizikia yaweza kukaribia volti 1.3 kwa seli moja. Silikoni ya paneli za kwenye mapaa yetu seli moja ni kama 0.7 tu, sasa waona mali ilioko hapa. Ile inayopungua kutoka 1.3 mpaka 0.8 yako ni elektroni ambazo jua lishaziamsha, halafu kabla hazijafika kwenye waya zikaangukia kasoro za kristali na kuishia kuwa joto. Hizo kasoro ziko kwenye mipaka ya punje za kristali, na zaidi ziko kwenye nyuso, pale perovskaiti inapokutana na tabaka la chini yake na la juu yake. Ukipunguza huo upotevu mara 10 wapata kama milivolti 60, ukipunguza mara 100 ni 120. Na karibu zote hizo zategemea vile ulivyotengeneza, mchele mmoja mapishi mbalimbali.

Sasa yalonipata. Ilikua Mei, masika imeshika, mita ya unyevu pale chumbani yasoma asilimia 78, na sisi sanduku la glavu la nitrojeni, lile lililofungwa unafanyia kazi ndani bila unyevu kuingia, hatuna. Nikaweka myeyusho wa perovskaiti kwenye kioo, nikawasha mashine ya kuzungushia raundi 4000 kwa dakika, nikadondosha tone la klorobenzini, nikapeleka kwenye hotipleti digrii 100. Kioo kikatoka na ukungu wa kijivu kama dirisha la matatu mvua ikinyesha. Kile kizuri kinatakiwa kiwe kahawia nyeusi inayong'aa, ujione uso. Nikakitazama kwa hadubini nikaona vijitundu kila mahali. Kila kitundu tabaka la juu lashuka moja kwa moja mpaka kwa la chini, umeme wavujia hapo na volti yaanguka. Nlipima 0.76, na kuna kimoja kilitoa 0.5.

Unajua mashamba ya chumvi ya Gongoni kule juu ya Malindi, maji yakikauka polepole yaacha mawe makubwa ya chumvi na nafasi katikati. Perovskaiti ukiiacha ikauke yenyewe yafanya hivohivo, zaota sindano chache ndefu na pengo kati yake. Unachotaka ni mbegu za kristali zizaliwe zote kwa pamoja kioo kizima, na ndo kazi ya lile tone, lafukuza kiyeyushi ghafla. Ukidondosha mapema bado ni maji tupu, lasomba kila kitu, ukichelewa sindano zishaanza. Mimi kwa myeyusho wangu ilikua karibu na sekunde ya 22 lakini usinakili hio namba, wewe tazama kioo, kuna wakati kingali angavu lakini rangi za upinde zimeacha kukimbia, dondosha hapohapo kwa mkono mmoja usiotetemeka.

Baadaye nikaacha kudondosha nikawa napuliza nitrojeni kavu kwa bunduki ya hewa juu ya kioo kinapozunguka, na hii ndo nakushauri wewe ufanye kabla ya kitu kingine chochote. Mkono haukosei sana, na ile hewa kavu yenyewe yasukuma unyevu wetu wa bahari mbali na kioo. Kazi yote nikaihamishia kwenye kijichumba chenye AC na mashine ya kukausha hewa, sianzi mpaka mita isome chini ya 35. Kemikali zilezile, chupa zilezile. Volti ikapanda mpaka 0.98.

Iliobaki ni nyuso. Chini nlikua na tabaka la oksaidi ya bati, nikawa naisafisha kwa taa ya UV na ozoni kabla ya kumwaga. Juu, perovskaiti ikishaiva na kupoa, nikapaka chumvi ya fenethiliamoniamu iodaidi, miligramu 5 kwa mililita ya isopropanoli, yaziba zile kasoro za uso. Kuna watafiti China 2019 njia hio iliwapa volti 1.18 na ufanisi wa asilimia 23.3, yaani sehemu ya nguvu ya mwanga inayotoka kama umeme. Mimi sikufika huko, nlipata 1.07 na siku hio nlipiga simu nyumbani. Usizidishe tu, ikiwa nene yazuia umeme kutoka.

Sisemi mchanganyiko wa kemikali si kitu. Kina Tsutomu Miyasaka wa Japani walipoanza 2009 walipata ufanisi wa asilimia 3.8, leo seli za maabara zimepita 26, na katika hio safari michanganyiko imebadilika sana. Lakini ukibadilisha mchanganyiko wakati upishi wako bado wavuja hutajua kipi kimefanya kazi.

Ukipima, pima kwenda na kurudi, yaani ukipandisha volti kisha ukiishusha, namba zikitofautiana sana usijisifu na ile kubwa. Na usipime seli ikiwa imechemka juani, joto lashusha volti. Halafu ifunike kwa kioo na gundi siku hiohio, manake hewa yetu ukiiacha wazi yageuka manjano kwenye kingo, ukiona manjano jua iodaidi ya risasi imeshajitenga.

Na hio risasi tafadhali, glavu kila mara, mabaki weka kwenye chupa yenye jina, usimwage kwenye sinki wala usipeleke nguo za kazi nyumbani kwenye watoto.

Fanya vioo kumi, vitano upulize vitano udondoshe, siku moja, chupa moja, uweke hapa volti za vyote kumi hata vibaya, na unyevu ulikua ngapi. Mita ya unyevu kama huna nambie, yangu ya zamani ipo kabatini, ntakuazima.