Maswali ya Wasomaji: Leseni ya Duka la Bangi Inalinda Nini?

Swali

Mheshimiwa mshauri, asalaam aleikum. Kijana wangu mwenye umri wa miaka 22 anasoma Toronto, nchini Kanada, na huu ni mwaka wake wa pili. Juzi tulipokuwa tukizungumza kwa video niliona kikopo mezani nyuma yake, kina alama nyekundu yenye picha ya jani, nikamuuliza ni kitu gani. Alinijibu bila kupepesa macho kwamba ni bangi, kwamba ameinunua dukani mchana kweupe na akapewa risiti, na kwamba huko ni sawa na kununua soda. Baba yake bado hajui. Mimi nimelelewa Mikindani nikijua kuwa bangi ni kitu cha vichakani na cha kukimbizana na polisi. Je, mwanangu ananidanganya? Na kama anasema kweli, duka hilo linamhakikishia usalama gani?

*Mama wa Shangani, Mtwara*

Jibu

Waaleikum salaam, mama yetu. Mwanao hakukudanganya, isipokuwa katika hilo la soda.

Sheria ya Bangi ya Kanada ilianza kutumika tarehe 17 Oktoba 2018, na tangu siku hiyo mtu mzima anaruhusiwa kununua bangi na kubeba hadharani isiyozidi gramu 30 ikiwa kavu. Umri wa kuruhusiwa hupangwa na kila jimbo: Alberta ni miaka 18, Quebec ni 21, na Ontario, ambako Toronto ipo, ni 19. Maduka ya kwanza ya Ontario yalifungua milango tarehe 1 Aprili 2019. Kwa hiyo kijana wa miaka 22 anayetoka dukani na risiti yake hajavunja sheria ya nchi aliyomo.

Kuhusu usalama, niruhusu nikueleze kwa korosho, kwa kuwa wewe ni mtu wa Mtwara. Mkulima anayepeleka mzigo wake katika chama cha msingi hupimiwa kwa mizani, korosho zake huangaliwa daraja, na magunia huingia ghalani kwa stakabadhi, hata mnunuzi wa mnadani akajua ananunua nini na kimetoka wapi. Anayeuza kwa kangomba hupimiwa kwa bakuli, pembeni, na wiki mbili baadaye hakuna awezaye kueleza mzigo ule ulikuwa wa nani. Bangi halali ya Ontario hupita njia inayofanana na ile ya stakabadhi: mzalishaji ana leseni ya serikali kuu, mavuno yake hupimwa maabara ili kuangalia viuatilifu, vijidudu na metali nzito, kisha mzigo hupitia kwa wakala wa jimbo, na duka haliruhusiwi kuuza bangi isiyotoka kwa wakala huyo. Kangomba ya bangi nayo ipo Toronto, tena wakati mwingine ina vioo safi, taa nzuri na wauzaji wachangamfu kuliko duka halali, na ndiyo sababu kijana mgeni asitazame uzuri wa duka akadhani ndio leseni.

Mwambie atazame mambo haya. Duka lililoidhinishwa Ontario hubandika muhuri rasmi wa jimbo mahali ambapo mteja anauona anapoingia, na jina la duka linaweza kutafutwa katika orodha ya tume ya jimbo inayosimamia pombe na michezo ya kubahatisha, ambayo ndiyo inayosimamia maduka ya bangi pia. Muuzaji atadai kitambulisho kwa kila anayeonekana kuwa chini ya miaka 25, na asiyedai kitambulisho cha kijana wa umri wa mwanao tayari amejieleza. Bidhaa huwa zimefungwa kiwandani, kwa vifungashio ambavyo mtoto hawezi kuvifungua kwa urahisi, vikiwa na stempu ya ushuru ambayo rangi yake hutofautiana kutoka jimbo hadi jimbo, pamoja na ile alama nyekundu uliyoiona, ambayo maana yake ni kwamba ndani mna THC, kemikali ya bangi inayolevya. Akikuta bangi inachotwa kutoka kwenye chupa kubwa, au jeli zimefungwa zikafanana na peremende za watoto, au muuzaji anamwahidi kwamba itamponya kukosa usingizi na mgongo kwa pamoja, na ageuze arudi nyumbani.

Kinachofuata ni kusoma lebo, na hapa wengi hupita haraka. Hadi kanuni zilipobadilishwa mwaka 2025, lebo ya bangi kavu ya Kanada ilitakiwa kuwa na tarakimu mbili zinazofanana: THC, na jumla ya THC. Ya kwanza ni kiasi kilichomo wakati pakiti ingali imefungwa. Ya pili ni kiasi kitakachopatikana moto ukishaipata, na hiyo ndiyo ya kusoma. Bangi yenye asilimia 20 ina miligramu 200 za THC katika kila gramu, jambo ambalo kijana aliyezoea kusikia habari za bangi ya zamani hatalikisia kwa kuangalia majani tu. Kemikali nyingine inayoandikwa, CBD, hailevyi, ingawa nayo inaweza kugongana na baadhi ya dawa za hospitali, kama vile dawa za kifafa na zile za kuzuia damu kuganda.

Hatari inayowakuta wanunuzi wapya mara nyingi zaidi haiko katika moshi bali katika vya kula: jeli, chokoleti na biskuti. Wanaojua uraka, ile pombe ya mabibo ya korosho, wanajua kwamba utamu wa mabibo huficha ukali wake, na jeli ya bangi hufanya vivyo hivyo, tena kwa kuchelewa. Moshi huanza kufanya kazi ndani ya dakika chache, lakini kilicholiwa huchukua kati ya nusu saa na saa mbili ndipo kianze kusikika, kikafikia kilele baada ya saa nne hivi, na kinaweza kudumu hadi saa 12. Mtu hula kipande kimoja, hukaa saa nzima bila kuona chochote, hudhani amepewa bidhaa mbovu na kula cha pili na cha tatu, kisha vyote humfikia kwa wakati mmoja: moyo unakwenda mbio, anatapika, anaingiwa na hofu kwamba anakufa. Kanada imeweka kikomo cha miligramu 10 za THC kwa pakiti nzima ya vyakula hivyo, na ushauri unaotolewa kwa asiyezoea ni kuanza na miligramu 2.5 au pungufu, kisha kusubiri. Pakiti inayojigamba kuwa na miligramu 500 haikutoka duka lenye leseni la Kanada, hata ikiandikwa kwa dhahabu.

Vikopo vya mafuta ya kuvutwa kwa sigara za kielektroniki navyo vina historia yake, na ndiyo hoja yangu nzito kuliko zote dhidi ya kununua nje ya mfumo. Nchini Marekani, kuanzia mwaka 2019 hadi Februari 2020, zaidi ya watu 2,800 walilazwa au kufariki kwa ugonjwa wa mapafu uliotokana na uvutaji huo, 68 kati yao wakifariki, na uchunguzi ulionyesha uhusiano mkubwa na mafuta ya vitamini E aseteti yaliyokuwa yakichanganywa katika bidhaa za THC, nyingi zikiwa zimenunuliwa kwa marafiki na wauzaji wasio rasmi.

Hata hivyo, mama, leseni hulinda kilichomo ndani ya pakiti. Haimlindi mwanao na bangi yenyewe. Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, na matumizi ya mara kwa mara kabla ya hapo huathiri kumbukumbu na umakini, vitu ambavyo mwanafunzi amevisafiria mbali. Mwenye ugonjwa wa moyo, na mama mjamzito au anayenyonyesha, hushauriwa kuiacha kabisa, na hakuna mtu anayeruhusiwa kuendesha gari akiwa amelewa nayo. Kubwa zaidi ni maradhi ya akili: ambaye katika ukoo wake kuna mtu aliyewahi kuugua skizofrenia au kupoteza uhusiano na hali halisi yuko katika hatari kubwa zaidi akitumia bangi yenye THC nyingi. Hapa wewe unajua jambo ambalo muuzaji wa Toronto hawezi kulijua. Iwapo yuko mjomba au shangazi ambaye familia huzungumzia habari zake kwa kunong'ona, mwambie mwanao waziwazi, hata kama hakuwahi kuambiwa. Kuhusu kumweleza baba yake, nakuachia wewe, kwa kuwa unamjua mumeo.

Mwisho, asije akasahau kitu mfukoni anaporudi likizo. Kuvuka mpaka wa Kanada na bangi, kwa kutoka au kuingia, ni kosa hata kwa mgonjwa mwenye cheti cha daktari. Ndege zinazomleta Dar es Salaam humshusha kwanza katika nchi ya tatu yenye sheria zake. Na hapa kwetu, chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, kusafirisha bangi kunaweza kumfunga mtu miaka 30. Begi alilobebea bangi mjini lioshwe na kukung'utwa kabla ya safari. Risiti ya Toronto haitamsaidia uwanja wa ndege.

Swali

Mimi ni kijana wa miaka 24, nimepata nafasi ya masomo Denver, Marekani. Wenzangu walioko huko wanasema maduka ya bangi yamejaa na ni halali kwa aliyefikisha miaka 21. Je, mgeni mwenye viza anaruhusiwa kuingia na kununua?

*Msomaji wa Nachingwea, Lindi*

Jibu

Ndugu yangu, wenzako wamekueleza nusu ya habari, na nusu waliyoiacha ndiyo inayoweza kukurudisha Nachingwea kabla ya shahada.

Jimbo la Colorado liliruhusu maduka kuwauzia watu wazima kuanzia tarehe 1 Januari 2014, na muuzaji wa Denver akishaona kwenye pasipoti yako kuwa umefikisha miaka 21 atakuuzia bila kukuuliza habari za viza. Lakini viza haikutolewa na Colorado. Ilitolewa na serikali kuu ya Marekani, ambayo kwa sheria yake bangi ingali marufuku, na masuala yote ya uhamiaji huamuliwa kwa sheria hiyo. Raia wa Denver anaweza kuishi katikati ya sheria hizi mbili bila kusumbuka sana. Mgeni hawezi. Kwa mgeni, hata kukiri mbele ya ofisa wa uhamiaji kwamba uliwahi kutumia, bila kukamatwa wala kushtakiwa, kunaweza kutosha kukunyima kuingia tena nchini humo. Na mwaka 2019 idara ya uraia ilitoa mwongozo kwamba bangi iliyo halali katika jimbo inaweza pia kuwa kikwazo kwa anayeomba uraia. Kazi ya muda katika duka hilo, ambayo wenzako watakwambia inalipa vizuri, ni hatari vilevile.

Kwa hiyo sitakueleza namna ya kuchagua duka zuri la Denver kama nilivyomweleza mama wa Shangani kuhusu Toronto. Kwako wewe, muda wote ambao viza imo ndani ya pasipoti, duka zuri ni lile ulilolipita. Usipige picha mbele yake, usiihifadhi katika simu, na ukikuta umeshaulizwa swali na ofisa, usiseme uongo, omba kuzungumza na wakili wa uhamiaji. Vyuo vingi vina ofisi ya wanafunzi wa kigeni inayoweza kukuelekeza kwa mmoja.

Swali

Baba yangu ana umri wa miaka 68, miguu inamuwaka moto usiku hata hapati usingizi. Mjomba wangu aliyeko California anasema dukani kwao kuna mafuta ya bangi yanayotuliza maumivu hayo, ana risiti na leseni ya duka, na anataka kututumia kwa posta. Anaomba anwani. Nimpe?

*Binti wa Mitwero, Lindi*

Jibu

Usimpe, binti yangu, na mweleze leo kabla hajafunga kifurushi. Kutuma bangi kwa posta ni kosa hata ndani ya Marekani kwenyewe, na kifurushi kikifika hapa, jina litakalosomwa juu yake ni lako au la mzee wako, si la mjomba. Wala kuibadilisha majani kuwa mafuta hakubadilishi jina lake mbele ya sheria. Kweli ipo dawa moja ya CBD ambayo mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha mwaka 2018, lakini hiyo ni kwa ajili ya aina nadra za kifafa kikali, hutolewa kwa cheti, na haihusiani na chupa ya mjomba.

Maumivu ya kuwaka moto miguuni, hasa usiku, mara nyingi hutokana na mishipa ya fahamu kuathirika, na kisukari ni miongoni mwa sababu zake za kawaida. Zipo dawa zilizosajiliwa kwa maumivu ya aina hiyo, amitriptilini ikiwa mojawapo, lakini kwa umri wa mzee wako isianze kutumiwa kwa kununua tu dukani, kwa kuwa inahitaji daktari aangalie moyo wake na dawa nyingine anazomeza. Mpeleke Hospitali ya Sokoine asubuhi, kabla hajanywa chai, ili wampime sukari hapohapo, na mchukulie viatu vyake vya kila siku daktari avione. Mguu uliopoteza hisia huumizwa na kiatu bila mwenyewe kujua.