Umealikwa Freemason nawe ni Mkristo: omba kwanza kusoma kiapo

Wanaokuja kuniuliza habari za Freemason hapa Tabora ni wa aina mbili, na nikiwachanganya nitawapotosha wote.

Wa kwanza ni vijana waliokuta karatasi imebandikwa kwenye nguzo ya umeme, au waliotumiwa meseji: jiunge leo, upate gari, nyumba na utajiri bila kafara, piga namba hii. Jibu lao ni fupi. Aliyebandika ile karatasi ni tapeli. Leo ataomba hela ya fomu, kesho hela ya pete, keshokutwa hela ya kufungua njia, na siku utakapoishiwa hatapokea simu tena. Kijana mmoja wa jumuiya yetu alinionyesha miamala yake: kila mmoja ulikwenda namba tofauti na jina tofauti, na wa mwisho ulitokana na kuuzwa kwa mbuzi wa mama yake. Freemason wenyewe hawamwahidi mtu utajiri. Kwao mwanachama ndiye anayelipa ada kila mwaka, na kabla ya kupokelewa anaulizwa kama ataimudu bila kuiumiza familia. Meseji ya namna hiyo ikikufikia, itume 15040, kisha uifute.

Wa pili ndio ninaowaandikia hasa. Ni watu wazima wenye kazi zao, wanaosali kila Jumapili, walioalikwa kweli na mtu wanayemheshimu. Wanauliza kwa dhati: naweza kuingia humo na nikabaki Mkristo?

Nami nilialikwa. Rafiki yangu alihamishiwa huku kikazi akitokea Dar es Salaam. Ni mtu mwema, mkweli wa hesabu, hakuna mgonjwa ofisini kwake asiyemtembelea. Jioni moja tukiwa tunakula mishikaki karibu na stesheni akaniambia kuna undugu anaotaka niujue. Nikamwomba kitu kimoja tu: anipe maneno ya kiapo niyasome nyumbani kwa siku mbili tatu, nimwonyeshe na paroko, ndipo nimjibu.

"Mwalimu, hayo utayakuta ndani," akasema. "Ila nakuhakikishia hakuna kinachogusa dini yako."

Sikuingia. Urafiki wetu upo mpaka leo, na namshukuru kwa sentensi ile, maana ndiyo iliyonifungua macho. Baadaye nilisoma taratibu zao, ambazo siku hizi zimechapishwa na kila mtu anaweza kuzipata, nikakuta maneno yanayokaribiana sana na yake. Anayeingia daraja la kwanza hufungwa kitambaa machoni, huvishwa kamba shingoni, hupiga goti mbele ya kitabu kitakatifu. Kabla hajaapa, mkuu wa loji, yaani wa kikundi chao cha mahali, humhakikishia kwamba katika ahadi hizo hakuna kinachopingana na wajibu wake wa kiraia, wa kimaadili wala wa kidini. Baada ya hapo ndipo anaapa, akifuatisha kipande kwa kipande maneno ambayo hajawahi kuyaona.

Tafadhali litafakari hilo polepole. Ni nani aliyempa mkuu wa loji mamlaka ya kupima kama jambo linapatana na ubatizo wangu? Yeye anaweza kuwa Mhindu, Mwislamu au Mkristo wa dhehebu jingine. Mimi ndiye nitakayeulizwa na Mungu wangu, na mimi ndiye niliyefungwa macho. Herode naye aliapa kabla hajajua ataombwa nini. Katika Marko sura ya 6 alimwambia binti aombe chochote, hata nusu ya ufalme, na alipoombwa kichwa cha Yohana Mbatizaji alihuzunika, lakini akatoa amri kwa ajili ya viapo vyake. Ubaya ulianzia pale alipojifunga kwa jambo asilolijua. Kiapo kwetu ni kumwita Mungu awe shahidi, na kumwita shahidi wa maneno ambayo hujayasoma ni kulichezea jina lake. Ukialikwa, omba kusoma kwanza. Jibu utakalopewa litakufundisha mengi kuliko kitabu.

Watu wengi huko mitaani wanashikilia damu, mafuvu na majoka ya chumbani. Nasema kwa uzito wote: achaneni na hadithi hizo. Tajiri wa jirani akijenga ghorofa anaitwa Freemason, mtoto wake akiugua inasemwa ametolewa kafara. Huo ni ushuhuda wa uongo dhidi ya jirani, na amri inayoukataza inajulikana. Tena hadithi hizo zinamfanya Mkristo ashindwe kuliona jambo lenyewe, kwa sababu akifika akakuta watu waungwana wamevaa suti na wanachangia hospitali, anasema kumbe hakuna tatizo.

Tatizo lipo katika sala. Loji haimpokei asiyeamini Mungu. Kila mmoja lazima amkiri Aliye Juu, ambaye humo wanamwita Mjenzi Mkuu wa Ulimwengu. Mwislamu anaapia Kurani, Mkristo Biblia, Mhindu kitabu chake, na mabishano ya dini na siasa hayaruhusiwi. Sisi watu wa mkoa huu hatuhitaji kwenda mbali kupata mfano. Marehemu Andy Chande, aliyefariki mwaka 2017 na aliyewahi kuwaongoza Freemason wa Afrika Mashariki, alikulia Bukene, wilayani Nzega. Hakujificha, alieleza hadharani kwamba yeye ni Freemason. Alikuwa Mhindu, na kwa Mhindu sioni ugumu wa kumwomba Mjenzi Mkuu pamoja na wa dini nyingine. Ila mimi nimefundishwa kwamba mtu haji kwa Baba ila kwa njia ya Mwana. Ili sala ya loji imfae kila mtu, jina la Yesu linawekwa kando kwa makusudi. Kuheshimu imani ya jirani ni jambo jema, na Tabora tunaishi hivyo: tunazikana, tunaalikana Idi na Krismasi. Lakini nikienda msibani kwa Mwislamu, yeye anasali sala yake nami najua yangu. Hakuna anayenitaka nipige magoti mbele ya madhabahu ya tatu ambapo wote tumemwacha mlangoni yule tunayetofautiana juu yake.

Tena jambo lenyewe si geni kwetu. Kabla Wamisionari wa Afrika, yaani Mapadri Weupe, hawajafika Tabora mwaka 1878, Unyamwezi ulikuwa na vyama vyake vya siri. Wayeye walikuwa na nyoka na dawa zao. Waswezi walikuwa na Lyangombe, mzimu wao mkuu, na aliyechezwa, yaani aliyeingizwa chamani, alipewa siri asizoweza kumwambia hata mkewe. Vilikuwa na faida: mwanachama akisafiri alipata mwenyeji, akifiwa alizikwa kwa heshima, akiugua alitibiwa. Mababu zetu walipoomba ubatizo waliambiwa waache Uswezi, nao waliacha, wakapoteza undugu uliokuwa ukiwalinda. Najiuliza kwa haki gani bibi yangu aliambiwa atupe manyanga yake ya Uswezi, halafu mjukuu wake mwenye digrii aruhusiwe kuvaa aproni ya Freemason eti kwa sababu chama kilitoka London mwaka 1717.

Kanisa Katoliki limelijibu swali hili mapema. Papa Klementi wa 12 alikataza mwaka 1738. Sheria mpya ya Kanisa ya mwaka 1983 ilipotoka bila kuwataja Freemason kwa jina, wengine walidhani mlango umefunguliwa. Novemba mwaka huohuo Kardinali Ratzinger, ambaye baadaye alikuwa Papa Benedikto wa 16, akatia saini tamko kwamba Mkatoliki anayejiunga yumo katika dhambi kubwa na hawezi kupokea Komunyo Takatifu. Novemba 2023 Roma ilirudia hayohayo, ikimjibu askofu wa Ufilipino. Kwa hiyo Mkatoliki anayesema "siku hizi imeruhusiwa" hajaambiwa kweli.

Ndugu zangu Waanglikana watasema kwao haikuwa hivyo, nao wana hoja. Geoffrey Fisher, Askofu Mkuu wa Canterbury aliyemvika taji Malkia Elizabeth mwaka 1953, alikuwa Freemason. Lakini mwaka 1987 Kanisa lake hilohilo la Uingereza lilipokea taarifa iliyouliza maswali mazito kuhusu taratibu za loji, na Wamethodisti wa huko walikuwa wametangulia mwaka 1985. Sisemi Fisher alikuwa mnafiki. Nasema cheo cha mtu hakitoshi kuwa jibu.

Ukialikwa, kataa kwa adabu, na toa sababu ya kweli. Usiseme huna muda, atakutafutia muda. Mwambie: "Kaka, siwezi kuapa nisichokisoma, na siwezi kusali bila jina la Kristo." Usimtangaze kwa watu, usimwite wakala wa shetani, endelea kumsalimu. Kama ulichokuwa unakitafuta ni watu wa kushikana nao mkono, parokiani kuna Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, mtaani kuna vikoba na SACCOS, na hesabu zao zinasomwa mbele ya wote.

Na kama umeshaingia, usidanganywe kwamba atokaye hufa. Mwanachama anajiuzulu kwa barua kwa katibu wa loji. Andika, baki na nakala, lipa deni la ada kama lipo. Kisha nenda kwa padri ukaungame, ukieleza na kile kiapo. Kuhusu vitisho vya kukatwa koo vilivyokuwamo katika viapo vyao, loji kuu ya Uingereza iliviondoa kwenye kiapo mwaka 1986, kwa hiyo visikukoseshe usingizi. Majina ya wenzako uliowakuta humo si lazima uyataje kwa yeyote. Ila mkeo mwambie yote, tena jioni hiyohiyo uliyoandika barua.