Sudoku ngumu haitaki kubahatisha, navyozifungua mimi

Kuna tabia moja inaniudhi sana, mtu kafika katikati ya sudoku, lile fumbo la kujaza namba kwenye vyumba, kakwama alafu anasema ngoja niweke 4 hapa nione itakuaje. Usiweke bana. Sudoku iliyotengenezwa vizuri ina jibu moja tu, kwaiyo kila namba ina sababu ya kukaa pale, na ukibahatisha unaweza ukajaza nusu ya fumbo ndo unashtuka kuna 9 mbili kwenye mstari mmoja na hata hujui pa kuanzia kufuta.

Tuelewane maneno kwanza. Mstari ni ule wa kulala, safu ni ya kusimama, boksi ni lile kubwa lenye vyumba 9, vitatu kwa vitatu, na chumba ni kale kamoja ka namba moja, jumla viko 81. Kila mstari, kila safu, kila boksi linataka 1 mpaka 9 bila kurudia, basi. Hesabu haimo humo, hakuna kujumlisha wala kutoa, ungeweka hata herufi tisa fumbo lingekuwa lile lile. Na wanaosema ni kitu cha Wajapani, jina ndo la Wajapani, fumbo lenyewe lilianzia Marekani mwaka 1979 kwenye magazeti ya mafumbo ya kampuni ya uchapishaji ya Dell.

Na usitishwe na uchache wa namba walizokupa. Mwaka 2012 mwanahisabati Gary McGuire wa Dublin na wenzake walizipitisha kwenye kompyuta wakaonyesha kwamba chini ya namba 17 huwezi kupata fumbo lenye jibu moja. Ila hizo za 17 zipo zinazofunguka kilaini kabisa, na zipo zenye namba nyingi zaidi ya hapo zinakutoa jasho, ugumu uko kwenye mbinu utakayolazimika kutumia.

Sasa kazi. Ukishamaliza kujaza zile namba za wazi, andika vinamba vidogo kwa penseli kwenye kila chumba, vyote vinavyoweza kukaa humo. Watu wanaona uvivu hapa na ndo maana wanakwama. Mimi nacheza sana kwenye treni nikitoka Tabora kwenda Kigoma maana mtandao unakatakata njiani na chaji ya simu sio ya kuchezea, basi vinamba naandika treni ikisimama stesheni, Urambo, Kaliua, popote, ikianza kutembea nafikiria tu, kwa sababu treni ikitikisika 1 na 7 zinafanana na ukikosea kinamba kimoja mbinu zote zinazofuata zinakudanganya.

Vinamba vikishakaa, kabla ya kwenda mbali pitia boksi moja moja ujiulize 5 inaweza kukaa wapi, 6 je. Mara nyingi chumba kina vinamba vinne lakini kimojawapo hakipo kwengine kokote kwenye boksi, basi hicho ndo jibu. Wengi wanasema wamekwama kumbe hapa hawajapamaliza.

Alafu tafuta mapacha. Vyumba viwili kwenye mstari mmoja, vyote vina 2 na 7 tu. Chukulia ni viti viwili kwenye behewa vimeshakatiwa tiketi na 2 na 7, hujui nani atakaa dirishani lakini mtu mwingine hapati kiti hapo, na wao hawana sababu ya kwenda kukaa kwengine. Kwaiyo futa 2 na 7 kwenye vyumba vingine vyote vya mstari huo, chumba kilichokuwa na 2, 5 na 7 kinabaki 5. Ni vilevile kwenye safu na boksi.

Nyingine ndogo tu ila inasaidia: kama ndani ya boksi moja vinamba vyote vya 4 vimelala kwenye mstari mmoja, basi 4 ya mstari huo iko ndani ya boksi hilo, ifute kwenye mstari huo nje ya boksi.

Zikigoma zote hizo ndo naenda kwenye ile mbinu wanaita eksiwingi (X-Wing), na hii ndo naipenda kuliko zote. Tuseme mstari wa 2, namba 6 inaweza kukaa safu ya 3 au ya 8 tu. Ukishuka mstari wa 7, nako 6 ni safu ya 3 au ya 8 tu. Sasa angalia, juu ikikaa safu ya 3, chini lazima iende ya 8. Juu ikienda ya 8, chini inarudi ya 3. Hujui ni ipi, na hauhitaji kujua! Vyovyote iwavyo safu ya 3 na ya 8 zimeshapata 6 zao kwenye mistari hiyo miwili, kwaiyo 6 nyingine zote kwenye safu hizo futa. Kuna mzee mmoja hapa mtaani fundi wa bao, hajawahi kushika sudoku, nilimuonyesha hii akaniambia "mwanangu, hapo si umemfungia njia zote mbili tu", akaelewa kabla sijamaliza kuchora. Vijana wa chuo niliwaelezea ikabidi nirudie.

Kuzitafuta, chukua namba moja tu, tuseme 6, pita mistari yote tisa ukiweka alama ule wenye nafasi mbili tu za 6. Ukipata miwili yenye safu zinazolingana umeipata. Ukikosa geuza, anza na safu ufute kwenye mistari. Kisha nenda namba nyingine. Inachosha, sikatai, ila ukifuta hata kinamba kimoja usiendelee kutafuta eksiwingi nyingine, rudi kwenye zile rahisi kwanza, mara nyingi hicho kimoja kinatosha fumbo zima kuachia.