Hiyo chokaa isiguse ardhi, nakuomba

Weka mfuko chini kwanza. Nimesoma swali lako mara mbili: una nusu ekari Shanzu, Mombasa, mifuko 15 ya chokaa ya kilimo imeshafika, kesho vibarua wanamwaga, na unauliza mbegu gani ya mahindi, nyanya uzipande lini, na mipira ya kumwagilia kwa matone iachane kiasi gani. Hayo ya mahindi tutayaona. Chokaa ndiyo iliyonitoa usingizini.

Mimi niko Bamburi, na hilo unalotaka kulifanya kesho nililifanya. Tena mimi nilinunua mifuko 20. Kuinunua na kuisafirisha kutoka bara, elfu kumi na saba ilinitoka na risiti sikupewa. Kijana wa duka la pembejeo hakuniuliza shamba liko wapi. Hakuniuliza hata nataka kupanda nini. "Mzee, udongo wetu una asidi. Bila chokaa mbolea unaitupa, na nyanya zitakuozea kitako." Nikaenda nyumbani nikatafuta video, nikampata bwana mmoja anasema yaleyale, amesimama kwenye udongo mwekundu, amevaa sweta. Sweta! Mtu analima na sweta, na mimi huku nimevaa kikoi na jasho linanichuruzika, bado nikaona tunazungumzia shamba moja.

Simlaumu wa sweta sana. Kwao mvua nyingi za miaka zimeosha udongo ukabaki na asidi, na huko chokaa ni dawa kweli. Lakini sisi huku ufuoni tumekalia mwamba wa matumbawe. Wewe chimba shimo la choo Shanzu uone kinachotoka. Jiwe lile ndilo chokaa yenyewe, na ndilo lililochimbwa Bamburi miaka na miaka likatengenezwa simiti. Kwa hiyo nilichofanya mimi ni kununua jiwe la watu lililosagwa, nikalilipia lori, nikalimwaga juu ya jiwe langu. Kijana wa duka ninamlaumu, tena hadharani, kwa sababu yeye anaishi hapahapa na jiwe hilo analikanyaga kila siku.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Miche elfu tano niliihamisha, ikashika vizuri, nikaanza kupiga hesabu za kreti. Wiki ya tatu majani ya juu, yale machanga, yakawa manjano kama binzari, na mishipa yake imebaki kijani, utadhani mtu kaichora kwa kalamu. Nikachuma tawi nikampelekea yuleyule kijana (ndiyo, nilirudi kwake, cheka tu). Akatazama sekunde mbili: "Hiyo ni nitrojeni imepungua, weka CAN." Nikaweka hiyo CAN, mbolea ya nitrojeni ya kukuzia. Baadaye ndipo nikajua mambo mawili. Nitrojeni ikipungua, majani ya chini yaliyozeeka ndiyo huanza kuwa manjano. Ukiona machanga ya juu yamegeuka na mishipa ni kijani, shuku madini ya chuma kwanza. Chuma kimo ardhini tele, lakini udongo wenye chokaa nyingi umekifungia, mzizi haukipati. Fosforasi na zinki nazo hufungiwa vilevile. La pili, ndani ya CAN mara nyingi mna chokaa iliyochanganywa. Yaani mgonjwa amekula sumu, nikamwongezea kijiko.

Nilivuna kreti tatu. Nusu ekari nzima, kreti tatu, na nyanya zenyewe ndogo hata mke wangu akaziita kunazi, yale matunda madogo ya porini. Mpaka leo tukila kunazi barazani kuna mtu lazima aniulize kama ni za shamba langu.

Aliyenifumbua macho ni mzee jirani, wala hakusomea kilimo. Aliingia jikoni akaomba siki na kisahani. Akachota udongo mkavu kiganja kimoja, akatoa vipande vya kome na vijiwe, akamimina siki. Ikachemka chwaaa, kama soda iliyotikiswa. Akanitazama, akaniambia, "Wewe una chokaa ya kuuza."

Basi fanya hivyo usiku huu, kabla ya vibarua. Chukua udongo wa kina cha kiganja sehemu nne au tano, usichukue moja, maana ardhi ya matumbawe ina mifuko ya mchanga hapa na jiwe pale. Uanike ukauke, na vipande vya kome vitoe kweli, vile vitachemka hata udongo ukiwa hauna neno. Ukichemka, chokaa ni marufuku. Usipochemka haina maana kwamba unahitaji chokaa, ina maana upeleke udongo maabara wakupe pH, yaani kipimo cha asidi, kwa namba. Mwenzangu wa Miritini udongo wake haukutoa hata povu, ule wa kwao ni mfinyanzi, si jiwe la bahari, na bado alipima kwanza. Siki ya shilingi hamsini, jamani.

Na usidhani utamwaga kisha ukikosea utaondoa. Chokaa haitoki. Mimi huu mwaka wa tatu napambana kwa samadi na dawa ya chuma ya kupuliza majanini. Mbolea ya SA (salfeti ya amonia) naifukia, maana ukiiacha juu ya udongo huu inapaa kama moshi na pesa yako. Sasa napanda bamia na mchicha, nyanya nimeziachia wenye roho ngumu.

Mahindi: tafuta Pwani Hybrid, zilitolewa hapo Mtwapa kwa ajili ya joto letu. H614 ni mbegu ya wale wa sweta, wa nyanda za juu zenye baridi. Nyanya usizitie shambani Mei, masika yakiwa kileleni, ukungu utazimaliza kabla hujazifunga miti. Na ukisikia mtu wa bara anasema panda Machi, jua huku masika kwa kawaida hushika Aprili. Mipira ya matone nilikuwa na la kusema, limenitoka, mwulize mwingine.

Wapigie vibarua sasa hivi. Kisha rudi hapa utuambie kisahani kimesema nini. Mifuko ikikosa pa kurudi, tafuta mtu wa bara umuuzie, mimi yangu miwili iliyobaki iko stoo, paka amezalia juu yake.