Mawese kwenye moteri: jibu kwa kijana wa Uvira

Ijumaa iliyopita moteri ya kinu cha shemeji yangu hapa Bukavu ilisaga mihogo saa tatu nzima kwa mafuta niliyotengeneza mwenyewe kutoka mawese. Tangu nitoe habari hiyo, kijana mmoja wa Uvira ananiandikia kila siku: «Kaka, nianzie wapi?»

Anzia kwenye maji na asidi, mdogo wangu. Hivyo viwili ndivyo vilivyoniangusha.

Mwaka jana nilinunua bidoni mbili sokoni Kadutu, lita 40, kwa pesa ya shemeji huyo huyo. Muuzaji aliapa kwamba mawese ni mapya. Nikayapasha moto, nikayeyusha soda kostiki kwenye metanoli, ile alkoholi inayogeuza mawese kuwa mafuta ya moteri, nikachanganya, nikalala na furaha. Asubuhi nafungua pipa: uji mzito wa rangi ya machungwa, mwiko umesimama wima. Sabuni! Jirani mmoja akaomba ya kufulia. Kicheko cha majirani bado nakisikia.

Mawese yaliyokaa yana asidi. Asidi ikikutana na soda inakuwa sabuni, na maji yanazidisha. Sasa nachemsha kwanza, mpaka ule mlio wa matone unyamaze kabisa, kisha nayaacha yapoe hadi nyuzi 55, maana metanoli inachemka kwenye 65. Halafu napima asidi: mililita 1 ya mafuta ndani ya mililita 10 za alkoholi safi, unga wa manjano kidogo, natonesha maji yenye gramu 1 ya soda kwa lita mpaka rangi igeuke nyekundu. Mawese ya mwaka jana, niliyoyatunza kwenye chupa, yalikunywa mililita 13 za maji hayo ya soda. Haya ya Ijumaa, 3. Namba hiyo unaijumlisha na 3.5: ndizo gramu za soda kwa kila lita ya mafuta. Metanoli, lita 1 kwa lita 5.

Mwaka 1938 basi lilitembea kati ya Brussels na Louvain, Ubelgiji, kwa mawese yaliyogeuzwa kwa alkoholi. Nasi wenye michikichi tunangoja lori la mazutu, yaani dizeli! Vijana, tusikubali.

Fanyia kazi nje, mbali na babula, jiko la makaa: mvuke wa metanoli unapofusha, na moto wake hauonekani juani. Baridi ya usiku hapa Bukavu inayagandisha mafuta haya na kuziba filta, kwa hiyo kabla ya kuzima moteri namalizia na mazutu. Uvira kuna joto, hilo halitakusumbua sana. Nitumie mililita zako kabla hujamwaga metanoli.